Bakteria wa Ziwa Tanganyika: Nini Humtenga Rafiki na Adui?

Katikati ya Mei 2015, kijiji cha Kagunga, kilicho mpakani mwa Tanzania na Burundi, kilielemewa na watu. Machafuko yaliyofuata hatua ya Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu yalikuwa yamewakimbiza makumi ya maelfu ya Warundi, nao wakatua kwenye ukanda mwembamba wa ardhi uliobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Kutoka hapo ilikuwa ama upande mlima kwa miguu, ama ungoje meli. MV Liemba, ile meli ya Wajerumani iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, ilichukua watu wapatao 600 kwa safari moja. Waliobaki walilala ufukweni, wakajisaidia ufukweni, wakachota maji ya kunywa palepale. Kabla mwezi haujaisha, UNHCR ilikuwa imetaja wagonjwa wa kipindupindu wapatao 3,000 na vifo 31, wakiwamo Watanzania wawili.

Ni rahisi kusema kwamba bakteria mbaya aliingia Kagunga akaua watu. Usemi huo una ukweli, lakini haujatimia. Katika maji hayohayo, katika matumbo ya watu haohao, na katika muhogo na dagaa waliokuwa wakila, kulikuwa na bakteria wengine wasiohesabika, na wengi wao walikuwa wakifanya kazi ambayo bila hiyo hakuna ambaye angekuwa hai. Hawa na wale wanatofautiana kwa nini hasa? Shuleni tulipewa orodha mbili: hawa wanasaidia, hawa wanadhuru. Naona orodha hizo zinatupotosha, kwa sababu zinatufanya tumwogope kiumbe na kusahau kuikagua njia aliyopita. Wapo bakteria ambao ni maadui wa binadamu popote watakapomkuta, nami nitawataja bila kuwapunguzia kosa, ila ni wachache. Kwa walio wengi, urafiki na uadui huamuliwa na mahali walipo, wingi wao, vinasaba walivyobeba, na hali ya mwili walioingia.

Kabla ya kwenda mbali, tuwatenge na wenzao wanaochanganywa nao. Malaria husababishwa na kimelea ambacho si bakteria. Kichocho, kinachowasumbua watoto wanaoogelea ziwani, huletwa na minyoo. Mafua na UKIMWI huletwa na virusi. Bakteria ni kiumbe kamili cha seli moja, kinachokula, kukua na kujigawa chenyewe, kwa kawaida bila kuhitaji seli ya mwingine. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliwaona mwaka 1683 katika utando alioukwangua kwenye meno, na walikuwa hai, wakitembea, katika kinywa cha mtu asiyeumwa chochote. Ningependa kila kitabu cha sayansi cha shule kianzie hapo, maana ndivyo ilivyo kawaida yao: wako nasi, na hatuumwi.

Sasa turudi kwa mshitakiwa wa Kagunga. Jina lake ni Vibrio cholerae. Filippo Pacini wa Italia alimwona mwaka 1854, na Robert Koch akamtambua upya katika safari zake za Misri na India mwaka 1883 na 1884. Jamii yake ina makundi zaidi ya 200, na katika hayo yote ni mawili tu, yaitwayo O1 na O139, yanayojulikana kwa kuleta milipuko. Wengine wanaishi zao katika maji ya pwani na midomo ya mito, wamejishikiza kwenye magamba ya viumbe wadogo wanaoelea, wakiyamega magamba hayo na kurudisha majini virutubisho vilivyomo. Ni kazi ya usafi, na hufanyika bila kumgusa mtu.

Kinachomgeuza mmoja wao kuwa muuaji kilielezwa mwaka 1996 na watafiti wawili wa Marekani, Matthew Waldor na John Mekalanos. Walionyesha kwamba vinasaba vya sumu ya kipindupindu viliingizwa ndani ya bakteria huyu na kirusi. Kirusi hicho humwambukiza bakteria, kikajipachika katika urithi wake, na tangu hapo kizazi chake chote kinaweza kutengeneza sumu. Kwa hiyo hata huyu tunayemtaja kuwa adui mkubwa alikuja kupata silaha yake kutoka nje, na ndugu zake wasio na silaha hiyo wanaendelea kuishi bila kumdhuru mtu.

Sumu yenyewe hufanya jambo moja. Hushika seli za utumbo mdogo na kuzilazimisha kumwaga chumvi, na chumvi inakokwenda, maji hufuata. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa, akafa siku hiyohiyo kwa kukaukiwa. Lakini utumbo haujachubuka wala kutobolewa, na ule mlango mwingine unaoingiza chumvi pamoja na sukari unabaki mzima. Ndiyo maana pakiti ya ORS iliyokorogwa vizuri, au dripu kwa aliyezidiwa kabisa, inamwokoa. Pasipo matibabu, kipindupindu kikali huweza kuua hata nusu ya wanaougua. Penye matibabu ya haraka, vifo hushuka chini ya mmoja kati ya mia. Bakteria ni yuleyule. Kilichobadilika ni chumvi, sukari na maji safi.

Wingi nao una neno lake. Majaribio yaliyofanywa kwa watu wazima waliojitolea yalionyesha kwamba mtu mwenye afya hulazimika kumeza vibrio milioni 100 hivi ndipo augue, kwa sababu tindikali ya tumbo huwaua wengi njiani. Tindikali hiyo ikipunguzwa, maelfu tu yanatosha. Linganisha na Shigella, bakteria wa kuhara damu, ambaye 10 hadi 100 wanatosha kumlaza mtu. Ukiyafahamu hayo, utaona kwa nini Kagunga ilikuwa mahali pabaya kuliko pote. Walikuwapo watu waliochoka na njaa ya safari, watoto ambao matumbo yao yana ulinzi hafifu, na maji yaliyopokea vinyesi vingi kwa siku chache hata idadi ya vibrio ikavuka ile ambayo tumbo linaweza kuimudu.

Wengi hapa mkoani Kigoma hulilaumu ziwa. Husemwa kwamba kipindupindu kinaishi Tanganyika, kinangoja msimu wake. Mimi nasimama upande wa wanaosema ziwa linasingiziwa kwa sehemu kubwa. Mwaka 2017 timu iliyoongozwa na François-Xavier Weill wa Taasisi ya Pasteur, Ufaransa, ilichambua urithi wa mamia ya vibrio waliokusanywa Afrika tangu mwaka 1970, ugonjwa huu ulipoingia tena barani. Waligundua kwamba uliletwa kutoka Asia mara zisizopungua 11, kisha ukasambaa ndani ya bara kwa njia za watu. Historia ya Ujiji inakubaliana nao. Mlipuko ulioiangamiza Unguja mwaka 1869 na 1870 ulifuata misafara ya pembe na watumwa ukapanda bara hadi Ujiji na kuvuka ng'ambo hadi Manyema, katika Kongo ya leo. David Livingstone, aliyekuwa Manyema wakati huo, alipata habari zake, na baadhi ya wapagazi waliotumwa kumletea mizigo kutoka pwani walikufa kwa ugonjwa huo. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja, alizifuatilia njia hizo na kuziandikia kitabu mwaka 1876. Barabara ya msafara, boti ya kutoka Kalemie, Kongo, meli ya wakimbizi: vibrio husafiri tumboni mwa msafiri.

Ushahidi ninaouthamini zaidi unatoka Uvira, mji wa Kongo ulio ncha ya kaskazini ya ziwa hili hili. Watafiti walichukua takwimu za miaka ya 2009 hadi 2014, wakalinganisha siku ambazo mtambo wa maji wa mji ulisimama na idadi ya waliolazwa kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu. Siku moja bila maji ya bomba ilifuatwa, katika siku 12 zilizofuata, na ongezeko la wagonjwa la asilimia 155 ukilinganisha na siku ambayo mtambo ulifanya kazi vizuri. Ziwa lilikuwa palepale siku zote. Bomba lilipokauka, watu walirudi ziwani na ndoo.

Hapa ndipo E. coli anapostahili kutajwa, maana kwake suala la mahali linaonekana wazi kuliko kwa mwingine yeyote. Theodor Escherich alimpata mwaka 1885 kwenye vinyesi vya watoto wachanga. Yumo tumboni mwako sasa hivi. Katika utumbo mpana hutengeneza vitamini K kidogo, hutumia oksijeni iliyobaki na hivyo kuwaandalia makazi wenzake wasioipenda, na hukalia nafasi ambayo mgeni mbaya angeitaka. Mtoe hapo umpeleke kwenye njia ya mkojo, anakuwa ndiye chanzo kikuu cha UTI, hasa kwa wanawake. Mpe vinasaba vya sumu, kama aina ya O157, anasababisha kuhara damu na kuharibu figo za watoto. Mweke kwenye glasi ya maji, hata akiwa wa aina isiyodhuru, amekuwa shahidi: Shirika la Afya Duniani linataka asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa, kwa sababu akionekana, kinyesi kimepita hapo, na kilikopita kinyesi vibrio na taifodi wanaweza kupita. Fundi wa maabara anayempima haogopi E. coli mwenyewe. Anaogopa walioongozana naye.

Tuwaache watu kidogo, twende kilindini. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na limebeba karibu sehemu moja kati ya sita ya maji yote baridi yasiyoganda yaliyo juu ya uso wa dunia. Wavuvi wetu wanafanya kazi kwenye tabaka jembamba la juu. Kuanzia mita 100 hadi 200 kwenda chini hakuna oksijeni, hivyo hakuna samaki, na giza ni totoro. Sehemu hiyo kubwa ni milki ya bakteria na ya jamii nyingine ya vijidudu iitwayo arkea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kutokana na sampuli za ziwa hili ulikusanya ramani 523 za urithi wa viumbe hao, na makundi mawili ambayo hayakuwa na jina yakapewa majina yanayotuhusu: Tanganyikabacteria na Ziwabacteria. Najivunia majina hayo, nami nashangaa kwamba mwanafunzi wa sekondari Kigoma anaweza kumaliza kidato cha sita bila kuyasikia.

Kazi ya hao wa kilindini ni kuoza na kurudisha. Kila kinachokufa juu huzama, nao hukivunja na kuachilia nitrojeni, fosforasi na salfa. Upepo wa kusi unapovuma kati ya Mei na Septemba, maji ya juu husukumwa na maji ya chini yenye virutubisho hupanda. Mwani na bakteria wa kijani-buluu hunawiri, viumbe wadogo wanaoelea huwala, dagaa huwala hao, na mgebuka humla dagaa. Baadhi ya bakteria wa kijani-buluu pia hukamata nitrojeni moja kwa moja kutoka hewani na kuiingiza ziwani bila kungoja upepo. Wako wengine wanaoizuia gesi ya methani ya kilindini isitoroke kwenda angani. Dagaa unayenunua kwenye mialo ya Kibirizi au Katonga ameanza safari yake kwa bakteria. Ujoto wa dunia unapolifanya tabaka la juu kuwa jepesi zaidi na kuchanganyika kwa shida na la chini, mlo huo hupungua. Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 ili samaki wazaliane, ilishughulikia upande wa nyavu, na hilo lilihitajika, lakini upande wa pili wa hesabu uko kwa hawa tusiowaona.

Na hata bakteria wa kijani-buluu hawana tabia moja. Katika Ziwa Victoria, kwenye ghuba za Mwanza na Kisumu, ambako majitaka na mbolea za mashamba huingia kwa wingi, jamaa zao waitwao Microcystis hufurika hadi maji yakawa kama rangi ya kupaka, na hutoa sumu inayodhuru ini. Tanganyika bado haijafika huko. Kilichowageuza kule ni chakula kingi tulichowamwagia.

Jikoni, urafiki wa bakteria una miaka mingi kuliko sayansi yao. Muhogo mchungu una kemikali inayotoa sianidi. Mama anayeuloweka kwa siku kadhaa mpaka ulainike, kabla ya kuuanika na kuutwanga, anawaachia bakteria wa tindikali ya maziwa wailegeze nyama ya muhogo, ili kimeng'enya kilichomo ndani yake kikutane na kemikali hiyo na kuivunja, na sianidi ipotee hewani na majini. Muhogo huo ulioloweshwa, uitwao kivunde, ndio ugali wa familia nyingi. Ukikatisha hatua hiyo, madhara ni makubwa: Tarime, mkoani Mara, mwaka 1985, ukame uliposababisha watu kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, ugonjwa wa konzo uliwapoozesha watu miguu, na konzo haina tiba. Kosa pale lilikuwa kuwanyima bakteria muda wa kufanya kazi yao.

Togwa nayo imepimwa. Mwaka 1999 Kingamkono na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Tanzania kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Waliopewa togwa iliyochachushwa mara moja kwa siku kwa siku 13 walionekana kuwa na bakteria wachache wa kuharisha katika sampuli zao kuliko waliopewa uji usiochachushwa. Tindikali iliyotengenezwa na bakteria wazuri iliwanyima nafasi wabaya. Hata hivyo, tahadhari moja kwa wanaopenda mtindi: kuganda kwa maziwa hakutoshi kumwua bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe wala wa bruselosi. Chemsha kwanza, yapoe, ndipo ugandishe. Na dagaa aliyeanikwa amekosa maji ambayo bakteria wanayahitaji. Wengi wao hawafi, wamelala tu. Mvua ikimnyeshea akiwa mchangani wanaamka, na mchangani ndiko mbwa, kuku na miguu ya watu hupita. Chanja za waya zilizoinuliwa juu ya ardhi zimeonyesha faida kandokando ya ziwa hili, kwa usafi na kwa bei, na sioni sababu ya mwalo wowote kuendelea bila hizo.

Shambani nitapita haraka, ingawa maharage ya Kasulu na Kibondo yanastahili makala yao. Ng'oa mche wa haragwe utaona vinundu vidogo mizizini. Ndani yake wamo bakteria wanaoigeuza nitrojeni ya hewa kuwa mbolea, wakilipwa sukari na mmea. Anayepanda maharage pamoja na mahindi anapata mbolea hiyo bila kwenda dukani.

Tumboni mwetu ndiko hesabu ilikobadilika sana. Mwaka 2016 wanasayansi wa Israeli na Kanada walikadiria kwamba mtu mzima ana bakteria trilioni 38 hivi, karibu sawa na seli zake mwenyewe zipatazo trilioni 30 au kuzizidi kidogo, na kwamba wote kwa pamoja wana uzito wa gramu 200 tu. Maziwa ya mama yana aina ya sukari ambayo mtoto hawezi kuimeng'enya kabisa. Imewekwa humo kwa ajili ya bakteria aina ya Bifidobacterium, ambao huila, hutengeneza tindikali, na kumlinda mtoto dhidi ya wageni. Mama anayenyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine kwa miezi sita anawalisha wawili kwa mara moja.

Gombe, saa chache za boti kaskazini mwa mji wa Kigoma, imetufunza zaidi juu ya hao kuliko watu wengi wanavyojua. Tangu Jane Goodall alipofika huko Julai 1960, sokwe wamefuatiliwa mmoja mmoja, na vinyesi vyao vimehifadhiwa na kuchunguzwa. Mwaka 2016 Andrew Moeller na wenzake walionyesha kwamba sokwe wanaokaa pamoja na kuchambuana manyoya hubadilishana bakteria wa tumboni, na kwamba msimu ambao sokwe hujumuika zaidi, kila tumbo huwa na aina nyingi zaidi. Katika utafiti mwingine wa mwaka huohuo, wakilinganisha binadamu na jamii za sokwe wakiwamo wa Gombe, walionyesha kwamba baadhi ya koo za bakteria hao zimeandamana na mababu zetu kwa takriban miaka milioni 15, zikigawanyika kila sisi tulipogawanyika. Hao wamerithiwa, kama damu.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi waliwatoa watafiti kwenye orodha zao kabisa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba watu wazima wa Kihadzabe, wenye afya nzuri, hawakuwa na Bifidobacterium, ambao Ulaya huuzwa kwenye makopo ya mtindi kama bakteria wa afya. Badala yake walikuwa na wingi wa Treponema, jamaa wa bakteria wa kaswende, ambao kwa Mzungu wangehesabiwa dalili mbaya. Kwa Wahadzabe wanaokula mizizi yenye nyuzinyuzi nyingi, inaelekea wanasaidia kumeng'enya. Utafiti wa 2017 ukaongeza kwamba baadhi ya bakteria wao hupotea na kurudi kufuatana na msimu wa mizizi, asali na nyama. Rafiki wa mmoja si lazima awe rafiki wa mwingine. Inategemea anakula nini.

Niliahidi kuwataja maadui wasiobadilika. Bakteria wa taifodi ni mmoja: anaishi kwa binadamu pekee, na kazi yake ni kupenya utumbo na kuingia katika damu. Mwingine ni wa homa ya papasi, ugonjwa ambao wazee wa njia za misafara waliufahamu vizuri. Papasi ni kupe laini anayejificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kutoka usiku. Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza, aliuchunguza ugonjwa huo nchini Kongo pamoja na mwenzake John Todd, akaugua, na akafa Kasongo, Manyema, Februari 1905. Bakteria huyo sasa anaitwa Borrelia duttonii kwa jina lake. Wakati uleule Robert Koch, akiwa katika koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, alionyesha kwamba papasi humrithisha bakteria hata kwa mayai yake. Akiwa ndani ya damu, bakteria huyu hubadili vazi lake la nje kila mwili unapojifunza kumtambua. Homa hushuka, mgonjwa akadhani amepona, kisha hupanda tena. Kwa huyu sina la kumtetea. Hana ukoo wa tumboni mwetu usiodhuru, wala mahali mwilini ambapo anafaa. Lakini hata yeye alipungua sana katika maeneo mengi ambako nyumba za sakafu ya saruji na vitanda vilienea, kwa sababu papasi alikosa ufa.

Linganisha hayo na tunavyotumia dawa. Katika maduka ya dawa muhimu mwaloni, mtu akiharisha mara mbili huomba Flagyl au Septrin, tena vidonge vinne tu kwa kuwa hela haitoshi dozi nzima. Akiwa na homa, hupimwa Widal, kipimo ambacho mara nyingi husema taifodi hata kwa aliyewahi tu kukutana na bakteria wa jamii hiyo, na huondoka na antibiotiki. Dawa hizo hazichagui. Huwapiga E. coli wanaokalia nafasi, bakteria wa nyuzinyuzi, na wenzao wengi, na katika uwanja ulioachwa wazi anaweza kuota Clostridioides difficile, ambaye alikuwa amefunikwa na wengi. Waliobaki ni wale wenye usugu, nao hugawiana vinasaba vya usugu hata na bakteria wa aina nyingine, ikimaanisha kwamba bakteria mwema tumboni mwako anaweza kuwa ghala la silaha la mwovu. Watafiti wa Gombe wamekuta vinasaba vya usugu dhidi ya salfonamidi, kundi la dawa iliyomo katika Septrin, kwenye vinyesi vya watu wa vijiji vya jirani, vya mifugo yao, na hata vya nyani wa porini ambao hawajawahi kumeza kidonge. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanasema maambukizi ya bakteria sugu yalisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Kinachoniuma ni kwamba dawa nyingi kati ya hizo tulipewa na bakteria wenyewe: streptomaisini, iliyofungua tiba ya kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 kutoka kwa bakteria wa udongo.

Tumalizie kwa kurudi Kagunga. Juni 2015, wakimbizi waliohamishiwa kambi ya Nyarugusu kutoka huko walipewa chanjo ya kipindupindu ya kumeza, na mlipuko ukadhibitiwa. Miezi miwili baadaye ugonjwa ulizuka Dar es Salaam na kuenea nchi nzima, ukiwapata watu zaidi ya 20,000 kabla ya kupungua. Jiji halina Ziwa Tanganyika. Lina visima vifupi karibu na vyoo vya shimo, na mabomba yaliyopasuka.

Kwa hiyo ombi langu kwa Manispaa ya Kigoma-Ujiji, kwa halmashauri za mwambao mpaka Kagunga, na kwa Mamlaka ya Maji ni hili: bajeti ya kupambana na kipindupindu ianzie kwenye mtambo wa maji usiozimika na vyoo vinavyofaa kwenye mchanga wa mwaloni, ambako shimo la kawaida hubomoka au kufikia maji, kabla ya kufika kwenye vidonge. Na kwako msomaji unayeishi kando ya ziwa: chemsha maji au yatie dawa ya klorini, nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni, kamilisha dozi uliyoandikiwa, na usimpe mtoto antibiotiki iliyobaki kabatini. Akianza kuharisha, mpe ORS mara moja, na umfikishe kituo cha afya kabla hajalegea.